Unataka Nikuwekee Zipi?

Kadi yako ni ya jibi nne, sista Skola,
na nusu yake imejaa picha za ratiba za zamu.
Hizo sizigusi.
Kaa hapo kwenye ndoo, niambie kwanza
umelala saa ngapi tangu Jumatatu,
maana mtu hajaziwi video
kama kibatari kinavyojaziwa mafuta.

Kama zamu ilikuwa ya usiku, na wodi ni ile ya watoto,
nakuwekea walinzi wawili wa Kasulu,
Gwimo na mwenziwe asiyetajwa jina,
wanalinda ghorofa ambalo halijajengwa.
Vipande arobaini na kimoja. Hakuna kinachoibwa.
Katika cha tisa wanagombea kivuli cha mlingoti,
katika cha kumi kivuli kimehama, nao wamenuniana.
Usianze na cha kwanza,
walirekodi siku ya upepo, utasikia upepo tu.

Kama ulikuwa unalia, waache hao.
Kicheko kikubwa juu ya kilio kibichi
ni pilipili kwenye kidonda.
Chukua huyu bibi wa Simbo anayekamua mawese:
hasemi, hasalimii, haombi ubonyeze kengele.
Mikono tu, na sufuria, na povu jekundu linalopanda,
na jogoo wa jirani anayedhani ameajiriwa.
Dakika ishirini na mbili.
Yule mwenye duka la saruji hapa Mwanga,
mwanamume wa kifua hiki,
hulala nayo sikioni tangu afilisike.

Halafu kuna mbuzi.
Mbuzi wa Buhigwe aliyekataa daraja.
Kijana mmoja humrekodi kila asubuhi, mwaka wa pili sasa.
Daraja ni mbao tatu, kijito ni hatua moja.
Mbuzi anafika, ananusa, anamtazama kijana
kama karani anayekwambia urudi kesho.
Watu wa Kibirizi wameweka dau.
Mimi elfu mbili yangu inasema havuki.

Tamthilia za mamamkwe mwenye sumu sikuwekei.
Si mbaya, ila utapanda kitandani na adui.
Wala wale vijana wanaovaa vinyago
wakavizia wazee vichochoroni, wakaita mchezo.
Moyo wa mzee si ngoma.

Mara ya mwisho nilikosea, nakiri.
Wateja sita, umeme umerudi kwa fujo,
nikaburuta na faili moja lisilo la biashara.
Sekunde thelathini na tisa.
Mama yangu, Binti Feruzi, jikoni kwake Ujiji,
alitaka kunitumia ujumbe wa sauti
akawasha kamera.
Uso wote ni pua.
"Mwanangu, chumvi imekwisha, halafu huyu kuku—"
na kuku anarukia sinia la unga,
na mama anacheka mpaka simu inamponyoka,
tunaona bati, kutu, msumari,
na kicheko kinaendelea bila mtu.

Leo umerudi, bado una sare,
unaniambia wodi nzima imeiona,
kwamba yule mtoto mwenye plasta ya mguu
anaiita "ya chumvi,"
na hatoi mkono wa sindano mpaka aoneshwe.
Unataka nyingine za yule mama.

Hakuna nyingine, sista.
Chumvi niliinunua, kilo nzima.
Ikaja kupikiwa waombolezaji.

Basi, usinitazame hivyo, foleni inaongezeka.
Lete kadi.
Nakuongezea mbuzi, kipande cha jana,
hakijafika hata sokoni:
ameweka mguu mmoja juu ya ubao.
Mmoja tu, akautoa.
Mia tano. Ile ya chumvi usilipe, iache humo humo.
Na huo mguu,
usimwambie mtu wa Kibirizi.